Kemisti ya Kondele ambayo haikuuzii dawa ya infeksheni kabla ikuulize ni infeksheni gani

Kama unaishi Kondele, Manyatta, Migosi ama hata Mamboleo hapa Kisumu na kuna mtu kwa nyumba ameambiwa ako na infeksheni, tafadhali soma hii kabla hujatuma mtoto akanunue zile capsule za rangi mbili. Naongea juu ya ile kemisti ndogo iko chini ya stage ya Kondele ukiwa unaelekea Kibuye, mlango wa kijani, maabara iko ndani, na nje kuna benchi ya mbao. Jina siandiki juu sijawaomba ruhusa, lakini uliza watu wa boda hapo stage kemisti ya kijani yenye wanapima, watakufikisha.

Kwanza shida yenyewe. Huku kwetu infeksheni imekuwa jina la kila kitu. Mtoto ana makamasi, ni infeksheni. Mkojo unachoma, infeksheni. Tumbo inanguruma, kidonda hakikauki, koo inawasha, zote infeksheni. Mtu ako na ugonjwa wa zinaa na anaona haya kuusema anakwambia ni kainfeksheni tu. Na wale wa kuuza nao wamezoea, unafika dirishani unasema hilo neno moja, unapewa bahasha imeandikwa 1x3 na kalamu, unalipa, unaenda, hakuna mtu amekuuliza hata inauma wapi. Nimeona hiyo maneno kwa kemisti nyingi sana na imeumiza watu wangu, ndio maana hii moja ikifanya vizuri lazima niseme kwa sauti.

Hapa ukisema "daktari nipe dawa ya infeksheni" huyo jamaa wa dirishani anaweka kalamu chini kwanza. Anakuuliza iko wapi, ilianza lini, umemeza nini tayari, na kama kuna mwingine kwa nyumba ako nayo. Haulizi kama polisi, anauliza polepole na macho yako kwako. Alafu anakueleza kwa Kiswahili cha kawaida kwamba infeksheni ni kidudu kimeingia mahali kwa mwili hakifai kuwa na kimeanza kuzaana hapo, na kidudu chenyewe kinaweza kuwa bakteria, ama virusi, ama fangasi, ama vimelea kama vya malaria na bilhazia ya hapa ziwani, na hizo ukoo zote haziuliwi na dawa moja. Amoxil haifanyii virusi kitu. Flagyl haiwezi malaria. Ringworm kwa kichwa ya mtoto ni fangasi, hata ukimeza antibayotiki mwezi mzima itabaki hapo inakucheki.

Nikupe mfano wa kile nilishuhudia nikiwa kwa foleni. Kuna mama alikuwa mbele yangu na mtoto wa kama mwaka moja na nusu, makamasi yanatiririka, anakohoa, na mama anataka Amoxil ya syrup juu jirani alipea wake ikamsaidia. Huyo jamaa akatoka nyuma ya dirisha akaja mpaka kwa benchi, akamwambia "mama mpandishe shati kidogo," akachuchumaa akaangalia kifua cha mtoto akiwa na simu mkononi inahesabu dakika, na ni dakika nzima, si kukisia. Watu wa foleni walianza kuguna lakini hakuinua kichwa. Alipomaliza akasema pumzi ni 32, na kwa mtoto amefikisha mwaka zikifika 40 kwa dakika ndio anaanza kuogopa nimonia, na pia kifua chake hakiingii ndani akivuta pumzi, ananyonya vizuri, anacheza na kamba ya kibeti cha mama. Kwa hivyo hii ni mafua ya virusi, Amoxil haitafanya kitu isipokuwa pengine kumharisha. Akampa matone ya maji ya chumvi ya pua, akamwambia anyonyeshe sana, na akamwandikia nyuma ya karatasi mambo ya kumfanya akimbie hospitali hata kama ni saa nane usiku: pumzi ikienda mbio, kifua kikiingia ndani, akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, ama akilegea mpaka haamki. Mama alikuwa amenuna kusema ukweli, alitaka chupa. Lakini fikiria hiyo kemisti imekataa pesa ya chupa mbele ya watu wote ili mtoto asimeze kitu hahitaji. Nani mwingine hufanya hivyo hapa?

Sasa ya waya wangu, dada ya baba, anaishi Ahero. Huyu alikuwa anasumbuliwa na mkojo kuchoma, anapona, inarudi, anapona, inarudi. Kila ikirudi kuna mahali alikuwa anaenda anapewa dawa tofauti, kila moja kali kuliko ile ya mwisho, na hakuna siku moja mtu alimwambia leta mkojo tuangalie. Alikuwa ameanza kusema amerogwa. Nikamwambia waya njoo Kisumu.

Dada wa maabara akampa kachupa safi na maelezo ambayo mimi sikuwahi kusikia mtu akiyatoa vizuri hivyo: ajioshe kwanza, aachilie mkojo wa kwanza uende chooni, alafu akinge ule wa katikati, juu ule wa kwanza unabeba vidudu vya ngozi ya nje na vitadanganya kipimo. Waya akaleta. Dada akatoa ule mkanda mwembamba wa plastiki wenye viboksi vya rangi, akauzamisha, akaupangusa kwa ukingo wa kachupa, akaulaza kando ya chati ya chupa na akatuita wote wawili tuone. Kiboksi kimoja kikawa pinki. Akasema hicho ni alama ya bakteria, mara nyingi ni ile inaitwa E. coli ambayo kazi yake ya kawaida ni kukaa kwa matumbo na haina shida ikiwa huko, shida ni ikihama njia ikaingia kwa kibofu. Kwa hivyo si mtu alimpea waya huo ugonjwa, ulitoka kwa mwili wake mwenyewe. Waya alipumua, unajua mwanamke mjane akiwa na ugonjwa wa huko chini watu huongea.

Lakini dada hakuacha hapo. Kiboksi kingine kilikuwa kinageuka kutoka kijani ya maji kuwa kahawia, akakionyesha na kidole, akasema "mama hii si ya infeksheni, hii ni sukari." Akamdunga kidole hapo hapo, mashine ikasoma 18 na pointi. Waya hakuwa anajua ako na kisukari. Hiyo ndio ilikuwa inamrudishia infeksheni kila wakati, sukari ikiwa juu mwili hauna nguvu ya kupigana na vidudu na mkojo wenyewe una sukari ya kuvilisha. Wangeweza kumuuzia dawa ya kibofu tukaenda na tukawashukuru. Badala yake wakamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Russia, ile Jaramogi, siku hiyo hiyo, na mkojo wakautuma kwa maabara kubwa ukapandwe kabla hajameza antibayotiki yoyote, juu ukimeza kwanza vidudu vinaweza kosa kuota na usijue dawa gani inaviweza. Majibu yakaja baada ya siku tatu yakionyesha dawa zinazofanya na zile hazifanyi, na zile hazifanyi zilikuwa ni zile zile amekuwa akimeza. Sasa ako kwa kliniki ya sukari na mkojo hauchomi. Mimi siwezi kusahau hiyo.

Hii ya dawa kuzoeleka si hadithi ya kutisha watu. Alexander Fleming mwenyewe, aliyegundua penicillin mwaka wa 1928, alipopewa Nobel 1945 alionya kwenye hotuba yake kwamba mtu akimeza dawa kidogo kidogo hivi hivi vidudu vinafundishwa kuishinda. Sasa wewe unameza nne, unapata nafuu, zingine unamwekea shemeji akija. Kisheria antibayotiki hapa Kenya zinafaa kutolewa na karatasi ya daktari, na hapa kwa kijani wanaiuliza hiyo karatasi. Leseni ya Pharmacy and Poisons Board imebandikwa ukutani mahali unaiona ukiwa umesimama, sio imefichwa nyuma ya kalenda.

Kitu kingine, na hii naomba wanaume wasome. Rafiki yangu ameniruhusu niiseme bila jina. Aliambiwa mahali fulani "uko na infeksheni," nukta, akapewa vidonge vya kuingiza, akarudi nyumbani, mzee akaona vidonge akauliza, akaambiwa ni infeksheni, na kwa kichwa ya mzee infeksheni ni kuambukizwa na kuambukizwa ni lazima kuna mtu alikuambukiza. Walilala wamepeana mgongo wiki nzima. Alipokuja hapa wakampima vizuri wakampata na fangasi, ile ya kuwasha na kutoa uchafu mweupe mzito kama maziwa imeganda, na jamaa akamuuliza kama majuzi alikuwa amemeza antibayotiki. Ndio, alikuwa amemeza za jino. Akamweleza kwamba huyo fangasi huishi kwa mwili wa wanawake wengi kimya kimya, bakteria wazuri ndio humtuliza, ukiwaua na antibayotiki anapata nafasi. Pia mimba inaweza kumleta, na sukari. Si ushahidi wa mtu kutoka nje. Akamwambia "kama mzee ana swali, aje, nitamweleza mimi," na mzee alikuja kweli, akaketi, akaelezwa. Na pia akaambiwa upande wa pili bila kupakwa sukari: kuna zingine kama kisonono, kaswende na trikomonasi ambazo hizo ni za kupeana kitandani, na ukizipata mnatibiwa nyote wawili, ukitibiwa peke yako unarudishiwa. Hiyo tofauti ndogo ingesemwa siku ya kwanza ingeokoa nyumba nyingi sana hapa Nyanza.

Malaria wanafanya sawasawa. Hapa karibu na ziwa kila homa tunaiita malaria na hatukosei sana, lakini wao lazima wadunge kidole kwanza. Kile kipimo cha mkanda kinachukua kama dakika 15 mpaka 20, na hawakisomi kabla. Kitu nilipenda, kama umemaliza dozi ya malaria majuzi na bado unaumwa hawatumii mkanda, wanaweka damu kwa kioo wanaangalia na maikroskopu, juu mkanda unaweza kuendelea kusema uko na malaria wiki kadhaa baada ya wadudu kufa. Na ukipewa AL, ile dawa ya malaria, hawakuandikii 1x2 wakaachana na wewe. Anachora saa kwa boksi: meza sasa, ya pili ni masaa nane kutoka sasa, zingine ni asubuhi na jioni kwa siku mbili, na umeze na kitu kina mafuta ama maziwa, chai ya rangi na mkate mkavu haisaidii dawa kuingia.

Typhoid nayo wanakataa kile kipimo cha damu cha haraka ambacho kila mtu hapa mjini ameambiwa "typhoid yako imepanda." Ukiwaomba wanakueleza kwamba kile kipimo, Widal, kinatafuta kinga ya mwili na si mdudu, na kinga inaweza kuwa ilibaki ya ugonjwa wa zamani ama imechochewa na kitu kingine kabisa. Wakishuku typhoid ya kweli wanatuma damu ikapandwe. Najua watu wamekasirika na hiyo wakaenda ng'ambo ya barabara wakapimwa na typhoid ikapatikana. Mimi niko upande wa hawa.

Kuna kabango wameweka hapo ukutani wameandika kwa mkono, kuwa na kidudu na kuwa mgonjwa si kitu kimoja. Nilisoma nikiwa kwa foleni nikauliza. TB ndio mfano wake mkubwa, inakadiriwa robo ya watu wa dunia wamebeba kidudu chake na wengi wao hawataugua maisha yao yote, lakini ukikohoa zaidi ya wiki mbili, unatoka jasho usiku na nguo zinakupwaya, hawakuuzii dawa ya kikohozi hapo, wanakutuma hospitali ya serikali ukapimwe makohozi, na dawa za TB huko ni bure. Hata malaria, watu wazima wa huku wanaweza tembea nayo kwa damu na wanauza samaki Dunga kama kawaida. VVU pia, mtu akimeza ARV vizuri mpaka virusi havionekani kwa damu hamwambukizi mpenzi wake kwa ngono. Na kama umepata ajali ya hiyo aina, kondomu imepasuka ama umebakwa, wanakuharakisha bila kukuhoji sana juu dawa ya kuzuia lazima ianze ndani ya masaa 72, na mapema zaidi ndio bora.

Sasa mahali wananikosea. Hiyo benchi iko kwa jua kabisa, kuanzia saa tano mchana mgonjwa mwenye homa anachomeka hapo na hakuna hata mwavuli. Chumba cha kuongea siri kimetenganishwa na pazia tu, pazia, na matangazo ya matatu za nje ndio yanasaidia watu wasisikie. Kwa kemisti inaheshimu watu hivi waweke mbao hapo, si pesa mingi. Choo ni kile cha ploti na ufunguo unaombwa kwa mama wa duka la pili, kwa mtu ameletwa kutoa mkojo hiyo ni taabu, waya alipanga laini na watu wa ploti na kachupa mkononi akiwa ameificha kwa leso. Jioni huyo jamaa akitoka anabaki kijana mwingine ambaye si mbaya lakini ana haraka, maelezo ni nusu. Na bei za maabara hazijaandikwa mahali, unaambiwa tu. Si ghali, malaria nililipa 200 na mkojo 300, ile ya kupandwa ndio ilinipata vibaya, 1,800, na hiyo inaenda kwa maabara ya nje kwa hivyo hawaishushi. Waandike hizo bei ukutani mtu ajue kabla hajatoa mkono.

Nawapa nyota nne na nusu. Hiyo nusu ni ya pazia.

Ukienda: enda asubuhi kabla ya saa nne, foleni ni fupi na ndio wakati mkojo wa kwanza wa siku unafaa kupimwa. Beba makaratasi yote ya huko ulikotoka hata zile bahasha za 1x3, anazipanga kwa meza mfululizo na anakuambia kila moja ilikuwa ya nini. Wanachukua Mpesa. Jumapili dirisha linafunguliwa baada ya kanisa lakini maabara imefungwa, kwa hivyo kama ni kupima subiri Jumatatu, ila kama ni mtoto mwenye pumzi za mbio ama mtu ana homa na amechanganyikiwa usisubiri Jumatatu na usiende kemisti yoyote hata hii, enda hospitali moja kwa moja.